Kuchora Uso Uleule Mara Mia: Kazi ya Mchora Wahusika wa Riwaya-Picha Nchini Japani

Swali: Shikamoo. Nina miaka 21, naishi Tanga, na nachora kwenye tableti. Napenda sana michoro ya Itaru Hinoue wa Kanon na Clannad, na ya Takashi Takeuchi wa Fate. Watu kama hawa hufanya nini hasa kwenye kampuni, hufikaje pale na hulipwaje? Na mimi nijifunze nini ili nisiishie kuchora picha nzuri za kuweka mtandaoni tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako yote yanakutana kwenye hiyo "picha nzuri" uliyoitaja mwishoni. Mchora wahusika wa riwaya-picha, mchezo ambao Wajapani huuita bijuaru noberu, hathaminiwi kwa picha moja nzuri. Anathaminiwa kwa kuweza kuchora uso uleule mara mia: umekasirika, umeona haya, umevaa sare ya shule, umevaa yukata (kimono chepesi cha kiangazi), na mchezaji asihisi hata mara moja kwamba huyu si yule wa jana. Wapo wengi wenye mkono mwepesi kuliko Hinoue ambao hushindwa hapo.

Tuanze na mgawanyo wa kazi, maana mashabiki wengi huuchanganya. Kwenye orodha ya watengenezaji kuna kyarakuta dezain na kuna genga. Wa kwanza huamua mhusika anafananaje: nywele, macho, urefu, mavazi, rangi. Wa pili, gengaka, huchora mistari ya picha zitakazoonekana mchezoni. Mara nyingi ni mtu mmoja, lakini si lazima. Rangi kwa kawaida hupakwa na kikosi kingine kinachofuata jedwali la rangi lililoidhinishwa, mandhari ya nyuma huchorwa na wengine kabisa, na vile vikatuni vifupi vyenye vichwa vikubwa mara nyingi hupewa mchoraji wa pembeni. Kwa hiyo hizo rangi laini unazozisifu huenda si za mkono wa mtu unayemsifu. Mchezo ukigeuzwa kuwa anime, yaani filamu ya katuni, kazi inahama tena: studio ya Kyoto Animation ilipotengeneza Kanon (2006) na Clannad (2007), Kazumi Ikeda ndiye aliyechora upya wahusika ili wachoraji wengi waweze kuwachezesha, na Hinoue akabaki mbunifu wa asili. Unapotazama kazi ya mtu ili ujifunze, tazama mchezo wenyewe, usitazame anime.

Sasa hesabu. Picha ya mhusika aliyesimama mbele ya mandhari akizungumza huitwa tachie, na ndiyo mchezaji atakayoitazama kwa saa nyingi kuliko zote. Chukua mchezo wa wahusika wakuu 5, kila mmoja na mikao 2, mavazi 3 na sura 12 za hisia. Kila mhusika anahitaji miili 6 (mikao 2 mara mavazi 3) na nyuso 24, kwa sababu ukibadilisha mkao kichwa kinageuka, na nyuso za mkao wa kwanza hazikai kwenye wa pili. Hiyo ni michoro 30 kwa kila mmoja, 150 kwa wote, ambayo programu ya mchezo inaweza kuiunganisha kuwa mionekano 360. Hapa ndipo mchoraji mgeni anapolizwa. Mwandishi akiomba sura moja zaidi ya hisia, ni michoro 2 tu kwa kila mhusika. Akiomba vazi moja, ni 2 vilevile, ingawa ni miili, yaani kazi nzito zaidi. Akiomba mkao mmoja, ni miili 3 na nyuso 12: michoro 15 kwa mhusika, 75 kwa mchezo mzima. Kwa hiyo mkao haukubaliwi kwa mdomo kwenye kikao.

Tachie huchorwa kubwa kuliko itakavyoonekana. Mchezo wa leo wa pikseli 1920 kwa 1080 huhitaji mhusika mzima wa pikseli 4000 hivi kwa urefu, kwa sababu ataonyeshwa kwa umbali tofauti: mbali, kati, na karibu kabisa. Kwa umbali wa kati, anapokatwa usawa wa mapaja, mchoro huo hupunguzwa hadi theluthi. Mstari wa pikseli 6 unakuwa 2 na unasomeka. Wa pikseli 3 unakuwa 1 na unaanza kukatikakatika kwenye kope na vidole. Kwa hiyo usimalize mistari ya mwili mzima kabla ya kuutazama ukiwa umepunguzwa hivyo. Mistari myembamba iliyopendeza ukiwa umevuta picha karibu ndiyo inayopotea kwanza.

Mpangilio wa matabaka ndio unaompambanua fundi. Kutoka nyuma kuja mbele: nywele za nyuma, mwili na vazi, uso mtupu, macho na mdomo, wekundu wa mashavu na machozi, nywele za mbele, na mara nyingi nyusi juu ya nywele hizo, kwa kuwa mtindo huu huziacha zionekane kupitia shungi la kipaji. Wengine hukata uso kama kiraka kimoja cha mraba kinachobandikwa juu ya mwili uliokwisha kamilika. Hapo lazima shungi lichorwe ndani ya kiraka, la sivyo macho yatatokea juu ya nywele. Mdomo ukifunguka sana kidevu hushuka, nacho pia kiwe ndani ya kiraka. Kama mchezo unachezesha midomo, kila mdomo huhitaji hali 3: uliofungwa, nusu na wazi. Faili zote za mhusika mmoja hutolewa kwa PNG yenye uwazi, zote kwenye turubai ya ukubwa uleule hata kama ni nyusi mbili tu, ili vipande viangukie mahali pake bila mtu kupima. Majina ya faili yawe ya herufi za Kilatini na tarakimu tu, mfano hana_a_sare_07.png.

Makosa yanayorudisha kazi mezani ni yaleyale. La kwanza ni kugeuza. Mwongozaji akitaka mhusika atazame upande wa pili, programu humgeuza kama kioo. Kibanio cha nywele kinahamia sikio jingine, nembo ya shule inahamia kifua cha pili, maandishi yanasomeka kinyumenyume. Kwenye yukata na kimono ni balaa: upande wa kushoto wa vazi hulala juu ya wa kulia, na kinyume chake ni namna ya kumvisha maiti. Msichana wako wa tamasha la kiangazi anageuka marehemu kwa bonyezo moja. Ukijua mchezo utageuza picha, buni mhusika mwenye pande zinazofanana, au dai mapema kwamba mwenye kimono hageuzwi.

La pili ni ukingo mweupe kuzunguka nywele. Hutokea kwa aliyechora akiwa na karatasi nyeupe chini, rangi ikachanganyika na weupe pembezoni, kisha akaifuta karatasi. Kwenye mandhari ya mchana hauonekani; tukio likihamia usiku, mhusika anang'aa kama amekatwa kwa mkasi. Weka chini ya mchoro tabaka la rangi ya bluu iliyokoza na jingine la machungwa, uwe unayawasha kwa zamu tangu mwanzo.

La tatu ni urefu. Kila mchezo una jedwali la urefu wa wahusika wakisimama kwenye mstari mmoja, na mstari wa macho wa kila mmoja umechorwa. Ukichora kila mhusika kwa wakati wake bila jedwali hilo, wawili wakisimama pamoja mtoto anamzidi mwalimu. Jedwali hilo ndilo pia linaloshikisha wachoraji wawili adabu wanapogawana mchezo, kama Aoi Nishimata na Hiro Suzuhira kwenye Shuffle! (2004), au Hinoue na Na-Ga kwenye Little Busters! (2007).

Aina ya pili ya picha ni michoro ya tukio, ile inayojaza skrini nzima wakati muhimu wa hadithi. Mchezo mkubwa wa bei kamili hubeba 80 hivi, bila kuhesabu sabun, yaani matoleo ya picha ileile yenye mabadiliko: amefumba macho, amelia, mkono umeinuka. Mchoraji hupokea karatasi ya agizo yenye mahali, saa, mavazi, hisia, pembe ya kutazamia na orodha ya sabun. Hutoa rasimu, mwongozaji na mwandishi huikagua, ndipo hutoka mistari safi, kisha rangi. Mambo mawili ya kukumbuka kwenye rasimu. Kisanduku cha maneno hufunika sehemu ya chini ya skrini, takriban pikseli 270 kati ya 1080, kwa hiyo barua, pete au mikono iliyoshikana haiwekwi hapo. Na kila kitakachosogea kwenye sabun kichorewe kilicho nyuma yake tangu mwanzo. Mkono ukiondoka usoni ndipo mtu anagundua shavu halikuwahi kuchorwa.

Ukikadiria mistari ya mchoro mmoja wa tukio kwa siku moja na nusu, michoro 80 ni siku 120. Miili 30 ya tachie kwa siku moja kila mmoja ni 30. Seti 10 za nyuso kwa siku moja na nusu ni 15. Jumla 165, na ukiongeza moja ya tano kwa marekebisho unafika 198, yaani karibu miezi 10 ya siku 20 za kazi. Hapo hujachora jalada, picha za magazeti, wala zawadi za maduka: kila duka kubwa hutaka mchoro wake wa pekee wa kumpa mnunuzi, mara nyingi pazia la kuning'iniza la B2. B2 ya Japani ni milimita 515 kwa 728. Ikichapwa kwa nukta 350 kwa inchi, ni pikseli 7097 kwa 10032, na juu ya hapo uongeze milimita 3 kila upande za kukatwa. Waridi kali linalong'aa kwenye skrini hufifia likienda kwenye wino wa rangi nne, na mchapishaji hana lawama.

Njia za kufika huko ni zaidi ya moja. Hinoue alipitia kampuni. Alichora michezo ya Moon. (1997) na One (1998) chini ya chapa ya Tactics, kisha yeye na wenzake wakahamia Visual Art's ya Osaka na kuanzisha chapa ya Key mwaka 1998. Kanon ilitoka 1999, Air 2000, Clannad 2004. Macho makubwa sana, pua ndogo, uso mpana: mtindo wake ulitambulika kiasi kwamba mashabiki waliupa jina lake, na wapo waliomlaumu kwa viungo vya mwili visivyolingana. Lawama hizo hazikumwangusha, kwa sababu mhusika wake ni yuleyule kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka 2011 ilitoka Rewrite, mchezo ambao wazo la awali lilitoka kwa Hinoue mwenyewe, na mwaka 2016 akaondoka kwenye kampuni. Na-Ga naye, baada ya kugawana naye Little Busters!, alibuni wahusika wa Angel Beats! (2010), anime halisi isiyotokana na mchezo wowote.

Takeuchi alipitia dojin, yaani kazi za mashabiki wanaojichapishia wenyewe. Alikuwa amefanya kazi Compile, kampuni ya michezo, kisha yeye na rafiki yake wa tangu ujana, mwandishi Kinoko Nasu, wakatengeneza Tsukihime na kuiuza Komiketi, soko la dojin la Tokyo, Desemba 2000. Fate/stay night ikafuata Januari 2004, wakiwa tayari kampuni. Kwenye rasimu za zamani za Nasu, shujaa Arthur alikuwa mwanamume na mhusika mkuu alikuwa msichana. Walipoufanya mchezo wakavigeuza, na Saber, shujaa wa kike wa mchezo huo, akazaliwa. Mbunifu wa wahusika aliye karibu na mwandishi hufika hadi kwenye mizizi ya hadithi. Tangu Fate/Grand Order (2015), mchezo wa simu, mashujaa wamegawiwa wachoraji wengi sana, kila shujaa akiwa na michoro 4 ya kadi kwa hatua zake.

Kuna na njia ya tatu, ambayo ningependa uikumbuke siku mkono wako ukikukatisha tamaa. Ryukishi07 alianza kuuza Higurashi no Naku Koro ni kwenye Komiketi ya Agosti 2002 akiwa ameandika na kuchora mwenyewe, mikono ya wahusika kama imevalishwa glavu za kuokea mikate. Matoleo ya baadaye yalichorwa upya na wengine, ila mchezo ulishashika. Nyuso zake zilikuwa za hovyo kwa kipimo cha chuo, lakini kicheko cha hila unakitambua mara moja. Hisia iliyosomeka ilimtosha.

Jambo moja lisifichwe: sehemu kubwa ya soko hili la kompyuta ni michezo ya watu wazima. Kanon yenyewe ilianza hivyo kabla ya kupata toleo la rika zote. Clannad ilizaliwa ya rika zote. Wachoraji wengi hutumia jina moja la kalamu huku na jingine kule. Kama hutaki upande huo, michezo ya wasichana ya chapa kama Otomate ni uwanja mkubwa. Hakuoki (2008) ya Kazuki Yone ni mfano mzuri wa kusoma mavazi na mikono ya wanaume. Siku hizi ujuzi wa tachie unauzika pia kwa VTuber, watangazaji wanaoonekana kama katuni inayosogea, kwa sababu Live2D, programu ya kuchezesha mchoro, hutaka mchoro uliokatwakatwa vipande vilevile. Aliyebuni sura ya VTuber huitwa "mama" yake, hata akiwa baba wa watoto.

Malipo. Mwajiriwa hupata mshahara, na kwa kifungu cha 15 cha sheria ya hakimiliki ya Japani kazi aliyoifanya kama sehemu ya ajira kwa kawaida huwa ya kampuni tangu inapozaliwa. Wa kujitegemea hulipwa kwa mchoro, na mikataba mingi ni ya kuuza moja kwa moja, bila mgawo wa mauzo. Hapo soma vifungu kwa namba. Hata ukiuza "hakimiliki yote", haki za kifungu cha 27 (kugeuza kazi kuwa namna nyingine) na cha 28 (haki yako juu ya kazi iliyotokana na kugeuza huko) huchukuliwa kuwa zimebaki kwako mpaka zitajwe waziwazi, na ndiyo maana mikataba ya Kijapani huzitaja karibu kila mara. Haki ya jina lako na ya kazi kutoharibiwa haiuziki, kwa hiyo watakuomba uahidi kutoitumia. Usikatae kwa jazba. Omba badala yake jina lako liwepo kwenye orodha ya watengenezaji, na uruhusiwe kuonyesha michoro kama mifano ya kazi baada ya mchezo kutoka. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 Japani ina sheria ya kulinda wanaojitegemea: masharti yatolewe kwa maandishi na malipo yafanyike ndani ya siku 60 baada ya kazi kupokelewa.

Kuna na kodi ya zuio. Mchoraji mkazi wa Japani hukatwa asilimia 10.21 kwa malipo yasiyozidi yen 1,000,000, hivyo kwenye yen 200,000 anapokea 179,580. Asiye mkazi, kwa malipo ya hakimiliki inayotumika Japani, hukatwa 20.42 kama hakuna mkataba wa kodi unaopunguza: kwenye yen 200,000 hizohizo inabaki 159,160. Itie kwenye bei yako kabla ya kuitaja.

Kuhamia Japani kufanya kazi kunahitaji, kwa viza ya kawaida ya wataalamu, shahada ya chuo kikuu, au diploma ya chuo cha ufundi cha huko inayoendana na kazi, au uzoefu wa miaka 10. Na Kijapani, tena cha kusoma maagizo ya mwandishi; lenga ngazi ya N2 ya mtihani wa Kijapani. Lakini huhitaji kuhama ili uanze. Katawa Shoujo (2012) ilitengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali kutokana na ukurasa mmoja wa michoro ya msanii wa Kijapani, RAITA, na ilijengwa kwa Ren'Py, programu ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida.

Kwa miezi mitatu ijayo chora mhusika mmoja tu. Mikao 2, mavazi 2, sura 10: miili 4 na nyuso 20. Anza na karatasi ya mhusika: mbele, ubavu, nyuma, na jedwali la rangi lenye rangi ya kawaida na ya kivuli kwa kila kitu, zikiandikwa kwa msimbo. Chora nyuso kwa safu moja, zote kwa siku mbili zinazofuatana, maana ukiziacha wiki mbili katikati mkono utakuwa umehama. Kisha ondoa nywele kwenye nyuso zote na umwulize mtu mwingine kama ni mtu yuleyule. Akisita, umbali kati ya macho umetembea. Pima kwa pikseli utauona. Tia vyote Ren'Py kwa amri ya layeredimage, mweke kwenye mandhari ya mchana, ya jioni na ya usiku, mvute karibu, mgeuze. Ongeza mchoro mmoja wa tukio wenye sabun 4. Hivyo ndivyo vya kumtumia mwongozaji, pamoja na faili moja lenye matabaka yaliyopewa majina, kwa sababu atakayefungua kazi yako ni mtu wa kupaka rangi, naye hataki kukutana na tabaka linaloitwa "mpya 37 nakala".

Na atakayekujibu akisema ana wahusika 3 na kuuliza bei, usitaje bei. Muulize kwanza mikao mingapi, mavazi mangapi, sura ngapi, mchezo una pikseli ngapi, rangi anapaka nani, na marekebisho ya bure ni mara ngapi.